Jina la Verlin Ndani ya Mlango wa Gurudumu

Kvale Corners, Iowa
2 Septemba 1997

Kwako mwanangu Renae,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo. Mama yako mdogo Phyllis goti limemvimba tena, lakini ulimi ni mzima kabisa, kwa hiyo usimhurumie sana. Mahindi mwaka huu yamerefuka mpaka juzi nilipotea ndani ya shamba langu mwenyewe, ikabidi nipige mluzi mbwa aje anitoe. Watu wanasimamisha magari barabarani kuyatazama. Nguruwe nao wamenona, kuna dume mmoja ana shingo kama ya yule mchungaji wetu aliyestaafu. Mama yako Arlys msalimie, kama bado anapokea salamu zangu.

Sasa nikuulize. Adabu gani hiyo ya kuondoka bila kuaga? Mimi ndiye niliyekualika kwenye maonyesho ya ndege za vita. Nilikuwekea kiti kando ya kamba, mbele kabisa, katikati ya wenzangu wa kundi la kutunza ndege za zamani, watu ambao hata mashemeji zao hawawapi viti hivyo. Nilikupa kofia. Nilikununulia pai. Uliona mwenyewe tulivyoupa mgongo uwanja na kuzitaja ndege kwa mlio tu. Nani alishinda? Ile Mustang niliijua ikiwa bado wilaya ya pili. Corsair niliitaja hata haijawashwa, maana nilimsikia rubani wake akikohoa. Kisha ikatolewa Skyraider, ndege ya aina ileile aliyoihudumia marehemu baba yako kule Vietnam, oili ikidondoka tumboni kama kawaida yake, kwa sababu siku ikiacha kuvuja ujue imekwisha. Nikakugeukia nione furaha yako. Nikakuta umenuna kama mtu aliyeuziwa chumvi badala ya sukari.

Na baadaye hemani, wageni wamenizunguka wanasikiliza mambo ya vita, nageuka tena, kiti kitupu.

Kuna jingine. Emmett Kuhlmann amebadilika. Unamkumbuka, yule mzee mkuu wa kundi, anayeitunza Skyraider bandani kama mtoto mchanga. Nikipiga simu, mkewe anasema yuko juu ya ngazi. Jumatatu ngazi, Alhamisi ngazi. Binadamu gani anaishi juu ya ngazi? Kama ulimwambia neno, niambie uso kwa uso, au kwa barua, maana uso wako uko mbali.

Mimi baba yako mdogo,
Verlin Haugstad


Tacoma, Washington
21 Septemba 1997

Kwa Baba mdogo Verlin,

Hujambo. Mama hajambo. Kliniki kwetu kazi ni ileile, meno ya watu hayaachi kuchafuka. Mpe pole mama mdogo kwa goti.

Niliondoka kwa sababu nilisikia. Nilikuwa nyuma ya hema namimina kahawa, nawe ndani unawaambia watu kwamba ulikuwa fundi wa Skyraider huko Vietnam. Alfajiri, makombora yanaanguka, injini imejaa oili na kukwama, rubani anapiga kelele, na wewe ukaweka bega lako kwenye pangaboi ukalisukuma kinyume mpaka likaachia. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja alikushika mkono akalia. Halafu wakakufungulia mlango wa gurudumu, kile kibati kinachofunika gurudumu la ndege likikunjwa, wakakupa kalamu, ukatia sahihi ndani yake, pale wanapotia sahihi wale tu walioihudumia ndege ya aina hiyo vitani. Baba alikufa kabla desturi hiyo haijaanza, na kwa sheria ya kundi lenu mtu huandika kwa mkono wake, aliyekufa haandikiwi. Kwa hiyo jina lake halipo. Lako lipo.

Wewe hukwenda Vietnam. Daktari wa jeshi alikurudisha nyumbani kwa ajili ya sikio lako la kushoto. Ukoo mzima unajua.

Emmett sikumwambia kitu. Yeye ndiye aliyenipigia simu wiki iliyopita. Aliuliza swali moja tu. "Binti, baba yako mdogo alikuwa Vietnam au hakuwa?" Nikamwambia nipe muda. Kundi linakutana Januari, na wanangoja neno langu.

Nami nina swali moja kwako. Hadithi ile ni ya baba yangu, sivyo? Nilikuwa na miaka kumi na moja alipokufa. Hakuwahi kunieleza hata asubuhi moja ya vita, na Mama pia hakuelezwa. Nimesubiri miaka yote hii, nikaja kuisikia nyuma ya hema, imevaa kofia yako. Niambie ilivyokuwa.

Renae


Kvale Corners
12 Oktoba 1997

Renae,

Sisi wazima. Tumeanza kuvuna. Upepo wa juma lililopita ulibeba paa la banda la mashine, ukalizungusha juu ya nyumba ya jirani, ukalirudisha mahali pake, msumari mmoja tu umepinda. Phyllis anasema niache kuyasimulia haya kanisani, nikamwambia kanisani siendi, tangu wagombane nami kwa ajili ya uzio.

Barua yako niliisoma mara moja. Mara ya pili niliikalia.

Wewe unayekwangua meno ya watu kwa mshahara, unajua nini kuhusu injini yenye silinda kubwa kama mapipa ya maziwa? Sikio langu la kushoto! Sikio hili linasikia mahindi yakikua. Kama daktari yule alikuwa mlevi, hilo si kosa la sikio. Na umemwachia Emmett swali linaning'inia hewani tangu Septemba, ukaona ni uungwana?

Unasema hadithi ya baba yako. Lowell alirudi nyumbani mdomo umeshonwa. Anakula, anafanya kazi, analala. Ungemngojea yeye akusimulie, ungengoja hadi meno yako mwenyewe yaishe. Mimi ndiye niliyezilisha hadithi hizi miaka thelathini. Nimezinyeshea, nimezitoa nje zipate jua. Mtu akimlea ndama tangu siku ya kwanza, ndama ni wa nani?

Sikiliza vizuri. Kundi lile ndilo nililo nalo. Huku watu wanajua nimeshindwa uzio, nimeshindwa udiwani, nimeshindwa na mwanangu aliyehamia Omaha asipige simu. Lakini zile siku za Agosti kando ya kamba, mimi nikifungua mdomo watu wanasogeza viti. Wanasogeza viti, Renae! Mwambie Emmett ndiyo. Neno fupi tu, halikugharimu kitu.

Ukisema hapana, usikanyage kwangu. Kaburi la baba yako liko kwenye ardhi ya kanisa, huko siwezi kukuzuia, lakini usipite barabara ya mbele ya nyumba yangu. Zunguka.

Verlin


Tacoma
2 Novemba 1997

Baba mdogo,

Sisi wazima. Mvua inanyesha.

Emmett amepiga simu tena, safari hii akanieleza kilichomtia shaka. Si sikio. Ni pale uliposema umelisukuma pangaboi kinyume. Anasema wageni tu ndio waliopiga makofi. Mafundi wote hemani walitazama chini.

Nilimwomba anieleze kama mtu anayekwangua meno. Akaeleza. Ndege ya namna ile ikilala, oili inashuka na kujaa kwenye silinda za chini. Ndiyo maana kabla ya kuwasha wanalizungusha pangaboi kwa mkono, polepole, upande wake uleule wa siku zote. Likigoma, mtu harudishi nyuma kamwe. Ukirudisha, litaachia kweli, utajiona mwanamume. Lakini ile oili imekimbilia kwenye bomba la hewa, inakungoja. Injini ikiwaka tu inaivuta ndani tena na kuvunja mkono wa pistoni. "Fundi wa Skyraider asiyejua hilo," Emmett alisema, "ni mpishi anayechemsha mayai ndani ya mfuko wa karatasi."

Kwa hiyo ama uliibuni yote, ama baba yangu alikuwa fundi mbovu aliyeharibu injini watu wakiwa wanakufa. Chagua moja, uniandikie.

Kuhusu barabara yako, nitapita ninapotaka. Ni ya wilaya.

Renae


Kvale Corners
14 Desemba 1997

Renae,

Baba yako hakuwa fundi mbovu. Usirudie kuandika maneno hayo. Katika nyumba hii kuna vitu vinavyotaniwa na vitu visivyotaniwa.

Phyllis hajambo, anatembea na fimbo na kuitumia kunielekeza. Theluji imefika madirishani.

Jumamosi kundi walikuwa na chakula chao cha mwisho wa mwaka bandani, chini ya bawa, supu ya maharage na mikate ya mdalasini, kama kila mwaka. Kila mwaka mimi ndiye ninayesimama kusimulia baada ya supu. Safari hii sikualikwa. Nilipita kwa gari, nilikuwa na shughuli upande ule, kuna mtu wa serikali alitaka ushauri wangu juu ya nguruwe. Nikaona magari yote yamepangwa nje, taa zinawaka, na mlango wa banda uko wazi kidogo kwa ajili ya moshi. Nikasikia wanacheka. Nilipunguza mwendo. Sikusimama.

Kwa hiyo umeshasema. Najua umeshasema. Hongera. Umemzika ndugu wa baba yako akiwa hai, tena bila supu.

Sikutakii mabaya. Krismasi njema kwa mama yako.

V. H.


Tacoma
29 Desemba 1997

Baba mdogo,

Mama anashukuru kwa salamu za Krismasi. Tulikula kwa dada yake.

Sijasema neno kwa Emmett wala kwa mtu mwingine. Kama hukualikwa, ni kwa sababu mafundi walikusikia wenyewe na wana masikio yao. Usinibandike mimi supu yako.

Mkutano wao ni Jumamosi, tarehe kumi Januari. Emmett atanipigia asubuhi ile kabla hawajakaa, nami nitamwambia kweli. Nakuandikia mapema ili usije ukafikiri nafanya biashara nawe. Ukiniandikia nitasema kweli, usiponiandikia nitasema kweli. Jina lako litafutwa. Hilo limekwisha, usilipiganie.

Lakini swali langu bado. Kama hakuwa fundi mbovu, alifanya nini asubuhi ile? Hakuna mtu mwingine aliye hai anayejua. Umewapa wageni waliokuja kula soseji. Mwanawe umemnyima. Nikikuita mwizi, nakosea wapi?

Renae


Kvale Corners
4 Januari 1998

Renae,

Hapa baridi ni kali, kahawa inaganda kati ya birika na kikombe, unaivunja kwa nyundo. Phyllis yuko sawa. Mimi niko kama ulivyoniacha.

Umeniita mwizi. Haya, chukua. Lakini usidhani nakupa kwa sababu umenitisha. Mimi sitishwi na mtu mwenye brashi ya meno.

Ilikuwa Februari ya 1968. Lowell amerudi nyumbani, hajamaliza hata miezi miwili. Tulikuwa kwenye banda la nguruwe, jike mmoja anazaa vibaya, na tukakaa chini kwenye majani kumngoja. Alianza kuongea akiwa anamtazama nguruwe. Hakunitazama mimi. Nilitaka kusema kitu, kwa sababu unanijua, nikajitia jani mdomoni.

Alfajiri makombora yalianza kuanguka mwisho wa uwanja. Kuna askari walikuwa wamezingirwa kilimani, wanaita ndege kwa redio, na Skyraider ya Lowell ndiyo iliyokuwa na mabomu tayari. Rubani alikuwa kijana wa Nebraska, jina lake Dwayne Sorley, mwenye masikio makubwa. Akaruka ndani, akajifunga mikanda. Lowell na mwenzake wakaanza kuzungusha pangaboi. Likaenda kidogo, likagota. Ndege ilikuwa imelala, oili imejaa chini.

Kila mtu alipiga kelele. Sajini wake alimwambia, "Lirudishe nyuma, mpumbavu wewe, liachie, awashe!" Rubani naye juu anatukana mpaka nyanya wa Lowell, ambaye ni nyanya yangu pia. Makombora yanasogea, moja hapa, moja pale, kama mtu anayetembea. Na baba yako akasema, "Hapana." Akachukua spana, akaingia chini ya injini, akaanza kufungua plagi za silinda za chini.

Sikusukuma mimi, na hakusukuma yeye. Alifungua plagi. Ya kwanza, oili ikammwagikia usoni. Akafumba macho, akaendelea kwa kupapasa. Ya pili. Sajini alimvuta mguu, akampiga teke sajini. Alikuwa anaimba, aliniambia. Unajua alikuwa anaimba nini? Lile tangazo la redio la mbegu za mahindi, lile la asubuhi kabla ya bei za nguruwe. Mabomu yanaanguka na fala yule anaimba mbegu za mahindi. Oili ikaisha kutoka, akarudisha plagi, akazikaza vizuri kama yuko nyumbani na ana siku nzima. Wakazungusha pangaboi. Likaenda laini. Rubani akawasha, ikakohoa moshi mweupe, ikashika.

Akatoa kichwa nje, Sorley, akamwinulia kidole gumba. Akaondoka.

Kwa wageni, ya kweli inaishia hapo. Sasa nakuandikia kipande ambacho sijawahi kukitoa nje.

Hakurudi. Alidondosha mabomu yake, waliokuwa kilimani wakapata njia, halafu akapigwa na kuanguka upande wa pili wa mlima. Injini haikuwa na kosa. Walisikia kwenye redio, injini ilinguruma safi mpaka mwisho.

Hapo nikafikiri amemaliza. Nguruwe akazaa wawili. Halafu Lowell akasema maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema, sikuongeza kitu. "Ningelirudisha nyuma, Verlin, kama walivyotaka. Ingevunjika palepale chini. Wangenipeleka mahakamani, na yule mtoto angekuwa hai."

Nikamwambia, na wale wa kilimani je? Akasema, "Hao sikuwaona nyuso."

Hakuongea tena habari hiyo. Si kwangu, si kwa mama yako. Ulipozaliwa mwaka ule alikubeba mpaka dirishani, akakuangalia masikio kwa muda mrefu. Sisi tulidhani anatafuta kasoro.

Sasa unaelewa kwa nini ninaposimulia pangaboi linarudi nyuma. Emmett na mafundi wake watazame chini wanavyotaka. Mimi najua linavyozungushwa, Lowell alinifundisha kwenye trekta na kunizaba kofi nilipokosea. Lakini ndani ya hema langu linarudi nyuma, linaachia, linawaka, na Sorley anarudi mchana anataka kifungua kinywa. Miaka thelathini anarudi. Wageni wanapiga makofi, na hawajui wanampigia nani.

Hiyo ndiyo unaiita wizi. Iite unavyopenda.

Hasira zangu kwako ziko palepale. Fika ukipenda, usifike ukipenda.

Verlin


Tacoma
11 Januari 1998

Baba mdogo,

Barua yako ilifika Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano.

Jana asubuhi Emmett alipiga simu. Nilimwambia hapana, hukuwa Vietnam, hata siku moja. Akashukuru. Akasema leo mchana atalifuta jina kwa kitambaa na mafuta ya taa, kwa mkono wake, na hatalitangaza. Agosti unaweza kuja kama watu wote, kwa tiketi, na kukaa upande wa nje wa kamba. Hemani hutasimama. Nilimuuliza kama ni lazima iwe hivyo, naye akasema ndiyo, nami nikakubaliana naye, na bado nakubaliana naye.

Ya rubani sikumwambia. Wala ya plagi. Hayo hayamhusu.

Mama nilimsomea jikoni. Nilipofika kwenye tangazo la mbegu aliinuka akafunga bomba la maji, ingawa lilikuwa limefungwa. Anasema baba alikuwa akiliimba kila anapotengeneza mashine ya kufulia, na yeye alikuwa akimfokea aache, linamchosha. Aliniomba nirudie kipande hicho. Nimerudia mara tatu. Halafu akauliza goti la Phyllis linaendeleaje.

Sijui ni kiasi gani cha hadithi hii umekinyeshea wewe. Sajini kupigwa teke naona ni nyongeza yako. Masikio nadhani ni ya kweli, kwa sababu nakumbuka mikono yake masikioni mwangu, na sikujua ilikuwa inatafuta nini.

Ulinikosea, na hujasema hivyo, na naona hutasema. Agosti nitakuja. Nitaleta kiti changu, nitakiweka nje ya kamba, karibu na chako, si karibu sana. Kama baba ana asubuhi nyingine mle kichwani mwako, utanieleza moja kwa siku, kama alivyosema yeye. Ukijiingiza ndani yake hata kidole, nakunja kiti.

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Renae